MASHUA YA MWANAFUNZI ISIDHARAULIWE

Mchezo wa kupiga makasia umejipatia sifa ya kuwa mchezo wa mabwana. Unapotajwa, picha inayowajia watu wengi ni ya vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge wakishindana katika mto Thames, huku kingo za mto zikiwa zimejaa watazamaji waliovalia rasmi. Sifa hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa na watu, kwa makusudi, na kwa kanuni zilizoandikwa na kutiwa muhuri.

Kanuni hizo sasa zimekufa. Lakini kiko kizuizi kingine ambacho hakikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hakikuwa rahisi kukifuta. Kizuizi hicho ni mashua yenyewe. Mtu anayetaka kujifunza anapokabidhiwa siku ya kwanza chombo kilichoundwa kwa ajili ya bingwa, hana haja ya kufukuzwa na mlinzi wa lango. Maji yatamfukuza.

Ndiyo maana mashua pana na tulivu, iliyoundwa kwa ajili ya mtu anayeanza, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Wako wanaoicheka na kuiita mashua ya waoga. Wanaosema hivyo hawajafikiri ni nani aliyefaidika na mashua hiyo, na ni nani aliyekuwa akiachwa ufukoni kabla haijakuwapo.

CHOMBO KISICHOSIMAMA

Yafaa kwanza kueleweka ni chombo gani kinachozungumzwa. Katika mchezo wa makasia ziko njia mbili. Katika njia ya kwanza kila mtu hushika kasia moja kwa mikono miwili, na wenzake hushika mengine. Katika njia ya pili kila mtu hushika makasia mawili, moja kwa kila mkono. Njia hii ya pili ndiyo inayomwezesha mtu kwenda majini peke yake, bila kungoja wenzake wanane, wanne wala mmoja.

Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ina urefu wa zaidi kidogo ya mita 8, lakini upana wake majini ni kama sentimita 30 tu. Uzito wa chini unaoruhusiwa katika mashindano ya kimataifa ni kilo 14, ambao kijana mwenye afya anaweza kuubeba begani bila taabu. Vishwara vya makasia haviko ukingoni mwa mashua, bali vimewekwa mwishoni mwa mikono ya chuma inayotokeza nje pande zote mbili. Kiti kina magurudumu na huteleza juu ya reli mbili. Miguu imefungwa katika viatu vilivyokazwa ndani ya mashua. Na juu ya yote hayo, mpiga makasia huipa mgongo njia yake, asione aendako mpaka ageuze shingo.

Mashua ya namna hiyo haisimami yenyewe. Mtu wa pwani ataelewa mara moja akikumbuka ngalawa. Ngalawa ina mwili mwembamba, lakini haipinduki kwa urahisi kwa sababu ya matengo yake mawili. Mashua nyembamba ya makasia haina matengo. Makasia yenyewe ndiyo matengo yake. Mtu akiweka vipini viwili pamoja mbele ya kifua, na mabapa ya makasia yakiwa yamelala juu ya maji kulia na kushoto, chombo hutulia kama ngalawa. Akiachia kipini kimoja, amekata tengo moja. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ambayo kila mwanafunzi hufundishwa ni kutoachia vipini hata litokee lipi.

Sasa afikiriwe mtu mzima aliyeingia katika chombo hicho kwa mara ya kwanza. Mikono yake inatetemeka, na kila mtetemo unafika majini. Mkono mmoja unashuka kidogo kuliko mwingine, na mashua inalala upande. Kwa hofu anakaza mabega. Kasia moja linazama mno, maji yanalinasa, kipini kinamgonga tumboni, naye yumo majini. Akipanda tena, nguvu zake zote atazitumia katika jambo moja tu: kutoanguka. Mwisho wa saa nzima atakuwa amejifunza hofu, wala hatakuwa amejifunza makasia.

MASHUA PANA INAFUNDISHA NINI

Mtu huyo huyo akiwekwa katika mashua yenye upana wa kutosha, makosa yake yatakuwa yale yale, lakini malipo yake yatakuwa tofauti. Mashua itayumba na kurudi. Mwanafunzi atapata nafasi ya kuliona kosa, kulitafakari, na kulisahihisha katika mvuto unaofuata. Huo ndio msingi wa elimu yoyote. Mwalimu anayemfukuza darasani kila mtoto anayekosea hesabu hatabaki na darasa.

Na yako mengi ya kusahihisha. Mgeni hudhani kwamba makasia ni kazi ya mikono. Sivyo. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka katika mapaja. Mvuto huanza mpiga makasia akiwa amekunja magoti mbele, mikono imenyooka, na mabapa yamesimama wima yakiingia majini. Kwanza miguu husukuma. Miguu inapokaribia kunyooka, mgongo hufungua nyuma. Mwishoni kabisa mikono huvuta vipini mpaka karibu na mbavu. Kisha safari ya kurudi hufuata utaratibu uliogeuzwa: mikono kwanza, halafu mgongo, na magoti mwisho. Anayekunja magoti kabla mikono haijapita juu yake atajikuta vipini vinagonga magoti, na mashua inayumba.

Aidha, katika njia ya makasia mawili vipini hupishana katikati ya mvuto, kwa kuwa ni virefu kuliko nafasi iliyopo. Katika nchi nyingi mkono wa kushoto hupita juu ya wa kulia, au huutangulia kidogo. Jambo hili dogo limewachubua vidole wanafunzi wasio na idadi. Halafu liko suala la kulaza na kusimamisha kasia. Bapa likitoka majini hulazwa ili lisipingane na upepo, na kabla ya kuingia tena husimamishwa. Anayelisimamisha kwa kuchelewa hulitumbukiza likiwa limelala nusu, nalo hunaswa.

Mambo yote hayo yanahitaji kurudiwa mara nyingi, na mtu hawezi kurudia jambo mara nyingi ikiwa kila baada ya mara tatu anaogelea. Mashua pana haimpi mwanafunzi ustadi. Inampa muda, na kwa anayejifunza hakuna mali iliyo kubwa kuliko hiyo.

WALIOITENGENEZA, WAKAFUNGIWA NJE

Historia ya mchezo huu inaonyesha kwa nini suala la mlango si dogo. Hapo kale, makasia ya mto Thames yalikuwa kazi ya wavushaji waliowabeba watu kati ya kingo za London. Tangu mwaka 1715 vijana wa kazi hiyo waliomaliza uanagenzi wamekuwa wakishindana kugombea koti na beji vilivyowekwa na Thomas Doggett, mwigizaji wa michezo ya jukwaani. Hao hawakuwa mabwana. Walikuwa wafanyakazi.

Kaskazini ya Uingereza, katika mto Tyne, Harry Clasper, aliyeanza maisha kama kijana wa mgodi wa makaa ya mawe, alikuwa miongoni mwa walioiendeleza katika miaka ya 1840 ile mikono ya chuma inayobeba vishwara nje ya mashua. Bila mikono hiyo, mashua nyembamba ya leo isingewezekana. Alipofariki mwaka 1870, umati mkubwa wa watu wa Newcastle ulimsindikiza kaburini.

Miaka tisa tu baadaye, mwaka 1879, wakuu wa mashindano ya Henley waliandika ufafanuzi wa nani aitwe mchezaji wa ridhaa. Waliomtoa nje hawakuwa wale walioshindania fedha peke yao. Walimtoa pia kila mtu aliyewahi kuwa, kwa ujira, fundi wa mitambo, fundi wa mikono au kibarua. Yaani mtu aliyeshika nyundo wiki nzima hakuruhusiwa kushika kasia siku ya Jumamosi pamoja na waungwana. Ilidaiwa kwamba kazi humpa nguvu zisizo za haki. Mtu atashangaa jinsi watu waliokula na kulala vizuri kila siku walivyoweza kumwonea kijicho mtu kwa nguvu alizozipata kwa kutumikishwa.

Mwaka 1920 kanuni hizo zilimkuta John B. Kelly wa Philadelphia, Marekani, aliyekuwa mwashi wa matofali. Maombi yake ya kushindania kombe la Diamond Sculls yalikataliwa. Kumbukumbu zilitaja sababu mbili: klabu yake ilikuwa imepigwa marufuku tangu miaka ya nyuma, naye mwenyewe alikuwa amefanya kazi za mikono. Mwaka ule ule, katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp, Kelly alimshinda Jack Beresford wa Uingereza, ambaye ndiye aliyelichukua kombe hilo la Henley. Mwaka 1936 wapiga makasia wa Australia waliokuwa wakielekea Olimpiki walikataliwa Henley kwa kuwa walikuwa askari polisi. Aibu ikazidi, na mwaka 1937 kanuni hiyo ya kazi za mikono ikaondolewa. Mwaka 1947 mtoto wa Kelly alilitwaa kombe alilonyimwa baba yake.

Si waungwana wote waliokubaliana na ubaguzi huo. Frederick James Furnivall, msomi aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa kazi ya kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, aliupinga waziwazi. Mwaka 1896 alianzisha Hammersmith klabu ya makasia mawili kwa ajili ya wasichana wa kazi, wakiwamo wahudumu wa mikahawa ya chai. Ni vema kukumbuka kwamba wanawake hawakuingizwa katika makasia ya Olimpiki mpaka mwaka 1976 huko Montreal. Mzee huyo alikuwa amewatangulia wakuu wa michezo kwa miaka 80.

KANUNI ILIKUFA, KIZUIZI KIKABAKI

Kanuni ikafa, lakini je, mlango ulifunguka? Kwa sehemu tu. Mashua nyembamba ilihitaji maji yaliyotulia kama kioo, banda refu la kuihifadhi, gati ya chini ya kupandia, na mwalimu wa kuwa karibu saa zote. Vitu hivyo vilikuwa katika vyuo vikuu na klabu za zamani. Fundi wa Boston au karani wa Leeds hakuzuiwa tena na maandishi, lakini alizuiwa na mazingira.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia ya unyenyekevu. Mwaka 1971 msanifu wa meli wa Kimarekani, Arthur Martin, wa jimbo la Maine, alitoa mashua ya faiba iliyoitwa Alden Ocean Shell. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 5 tu, na upana wa zaidi ya nusu mita. Kiti, reli na mikono ya vishwara viliunganishwa kuwa kifaa kimoja kinachoweza kutolewa. Mtu mmoja aliweza kuifunga juu ya gari lake, kuishusha ufukoni, na kwenda baharini kwenye mawimbi madogo bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wa makamo, wanawake, na wengine ambao hawakuwahi kukanyaga klabu ya makasia walijifunza kupiga makasia mawili kwa mashua za aina hiyo.

Hapana kombe lililotolewa kwa ajili ya ushindi huo. Hata hivyo, ukipimwa kwa idadi ya watu walioingia majini, mashua fupi yenye tumbo pana imefanya kazi ambayo mashua nyingi za medali hazikuifanya.

HOJA YA WAPINZANI

Wako walimu wanaopinga. Wanasema mashua pana hufunga macho. Mwanafunzi anaweza kuvuta kwa mkono mmoja zaidi ya mwingine, au kuegemea upande, na mashua isimwambie. Akija kupanda nyembamba baada ya mwaka mzima, huanza upya. Wanasema pia kwamba mashua pana ni nzito na ya polepole, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake inagusana na maji, na hivyo haimpi mtu ladha halisi ya mchezo.

Hoja hizo zina ukweli, na si haki kuzipuuza. Mashua nyembamba ni mwalimu mkali asiyesamehe, na wako vijana wepesi wanaofundishika naye tangu siku ya kwanza. Lakini yafaa kuuliza: hesabu hiyo inawahusu nani? Inawahusu waliobaki. Haiwahusu walioanguka mara mbili wakaenda zao wasirudi tena. Mwalimu anayewahesabu wanafunzi wake waliofaulu bila kuwahesabu waliokimbia anajidanganya mwenyewe.

Wala hakuna aliyesema mwanafunzi abaki katika mashua pana milele. Ziko mashua za kati na kati, na mwalimu mwenye busara humpandisha mwanafunzi daraja kwa daraja: kwanza pana, kisha ya wastani, mwisho nyembamba, kila anapoonyesha kwamba mikono yake imetulia. Kasoro ya mashua pana huondolewa na jicho la mwalimu. Kasoro ya mashua nyembamba, ambayo ni hofu, si rahisi kuondolewa na mtu yeyote. Na hata mabingwa hurudia mazoezi ya mwanzo, ya kuvuta kwa mikono peke yake na kutelesha kiti nusu njia. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

FUNDISHO KWA AFRIKA MASHARIKI

Suala hili linazigusa nchi za Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2008 Matthew Lidaywa Mwange aliiwakilisha Kenya katika mashua ya mtu mmoja kwenye Olimpiki ya Beijing. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala, akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki. Lakini makasia alijifunza Marekani, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton. Haiwezekani kwamba nchi zinazozungukwa na Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Bahari ya Hindi zimekosa maji. Wala hazijakosa mikono, kwa maana wavuvi wake wanapiga makasia na makafi kila usiku.

Kinachokosekana ni mlango. Na hapa ndipo uchaguzi wa chombo unapokuwa suala la haki. Chama cha michezo au shule yenye fedha kidogo inaweza kununua mashua moja nyembamba ya mashindano kutoka ng'ambo, ikapakwa rangi, ikapigwa picha, na kukaa bandani ikimngoja bingwa. Au inaweza kupata mashua chache pana, ambazo watoto wa kijiji kizima watapokezana tangu asubuhi mpaka jioni. Njia ya kwanza inamtafuta bingwa kabla ya kuwapata wanafunzi. Njia ya pili inawapata wanafunzi, na bingwa atajitokeza miongoni mwao.

Tena maji ya nchi hizi hayakuumbwa kwa ajili ya mashua ya sentimita 30. Ziwani upepo huamka ghafla, na pwani kusi na kaskazi havimngoji mwanafunzi. Mchezo wenyewe umeanza kulitambua jambo hilo. Katika makasia ya pwani, mashua ya mtu mmoja hairuhusiwi kuzidi urefu wa mita 6, wala kupungua upana wa sentimita 75 na uzito wa kilo 35. Kwa maneno mengine, mashua pana, iliyochekwa kuwa ya waoga, imekuwa chombo cha mashindano ya dunia, na mbio zake zinazoanzia na kuishia mchangani zimekubaliwa katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Mafundi wa kuunda mashua, kuanzia Zanzibar hadi Ukerewe, wana ujuzi wa karne nyingi wa kuunda vyombo vya namna hiyo. Wapewe vipimo, wapewe kazi.

Hata hivyo, upana wa mashua usigeuzwe kuwa kisingizio cha uzembe. Mashua pana nayo hupinduka. Kila mwanafunzi ajifunze kuogelea kwanza, avae jaketi la kujiokolea, na afundishwe kwamba mashua ikipinduka haiachwi, kwa sababu mashua iliyopinduka bado huelea na humbeba. Aende majini asubuhi kabla ya upepo, karibu na ufuko, chini ya jicho la mtu mzima. Mchezo unaoanza kwa msiba mmoja kijijini hautapata mwanafunzi wa pili, na wazazi watakuwa na haki.

Wakati umefika kwa wale wenye dhamana ya michezo katika wilaya za maziwa na pwani kuacha kupima maendeleo ya makasia kwa wembamba wa mashua zilizomo bandani. Wayapime kwa idadi ya watoto wanaotoka majini jioni wakiwa wamelowa jasho badala ya kulowa hofu, na wanaouliza kama kesho watapata zamu tena.